Masta ya maliasili au ya elimu ya mazingira? Niko Chamwino, miche 300 imenifia mkononi

#1 MwalimuJembe

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia na Biolojia, sekondari ya kata, wilaya ya Chamwino. Nina miaka minane kazini, nimeshathibitishwa, sasa nataka kurudi shule kusoma masta. Kinachonikwamisha ni kuchagua. Nisomee maliasili zenyewe, yaani misitu, udongo, maji na wanyamapori, au nisomee namna ya kuwafundisha watu mambo hayo? Na nisomee wapi: hapa hapa Dodoma, Morogoro, Dar, Arusha, au nijitose nje ya nchi?

Niseme kilichonisukuma. Mwaka jana shule yetu ililetewa miche 300, mijohoro na miarobaini. Tukapanda yote siku moja, mgeni rasmi akapanda wa kwanza, picha zikapigwa. Septemba nikatoka na Kidato cha Pili kwenda kuhesabu. Tulikuta 11 tu iliyo hai. Kijiti kikavu, kisahani cha udongo uliopasuka, kijiti kikavu, kisahani, mpaka mwisho wa mstari. Binti mmoja mpole sana, ambaye darasani hata mkono hanyooshi, akaniuliza: "Mwalimu, mbona kila mwaka tunapanda palepale ilipofia ya mwaka jana?" Nikamjibu ni mvua. Lakini nyuma ya maabara kuna kisiki cha mgunga kilichokatwa na mafundi wakati wa ujenzi. Hakuna aliyewahi kukimwagilia hata kikombe kimoja. Kimechipua, kimenipita kimo.

Tangu siku hiyo jibu langu la mvua linanikaa vibaya.

Dai langu, mnikosoe: nimepekua sana, na naona elimu ya mazingira kwa hapa nyumbani haina mlango wake. Unaingilia dirisha la ualimu au dirisha la sayansi. Natanguliza shukrani.

#2 KijanaWaAreaC

Natia nanga hapa. Niko njia hiyo hiyo, shahada ya ualimu, mazingira yananivuta.

#3 DadaTasnifu

Mwalimu, karibu. Nimependa ulivyoanza na visahani vya udongo, wengi wanaanza na jina la chuo.

Nimepita SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kwa hiyo nakwambia ninachokijua. Pale kuna masta ya misitu, kuna ya usimamizi wa wanyamapori, na kuna ile tunayoiita MNRSA, usimamizi wa maliasili kwa kilimo endelevu. Kwa mtu mwenye maswali kama yako hiyo ya mwisho ndiyo ningeanza kuisoma mtaala wake, kwa sababu inakutanisha udongo, miti na mkulima mahali pamoja. Chuo Kikuu cha Dar, UDSM, iko Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali, IRA. Wana masta ya tathmini na usimamizi wa maliasili, NARAM kwa ufupi, na chuoni hapo hapo kuna masta ya mabadiliko ya tabianchi na maendeleo endelevu. Arusha kuna taasisi ya Nelson Mandela, ambayo ni ya uzamili na uzamivu tu, wana mwelekeo wa bioanuwai na usimamizi wa ikolojia, ila pale jiandae kwa maabara. Mweka, chuo cha wanyamapori cha tangu 1963, ni pazuri kama unataka kuishi porini. Wewe sidhani, wewe unataka kuishi na Kidato cha Pili.

Kuhusu dai lako la mlango na dirisha: usihangaike na jina la kozi. Masta ni tasnifu, yaani andiko la utafiti wako. Unaweza kukaa idara ya misitu ukaandika tasnifu ya wanafunzi na miche, na unaweza kukaa kitivo cha elimu ukaandika kitu ambacho hakijawahi kugusa udongo.

#4 MzeeWaKorongo

Mbukwenyi wanangu. Mimi nimestaafu. Nilifanya kazi Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, nikiwa kijana, upande wa Kondoa. Mwalimu, soma udongo. Mengine yote yanakaa juu yake.

Watoto wa sasa hamkuyaona makorongo ya Kondoa yalivyokuwa. Ng'ombe akitumbukia, mnamsikia analia chini na hamna pa kupitia kumfuata. Mchanga mwekundu ulikuwa unatembea mvua ikinyesha, unafunika shamba la mtu aliyelima juzi. Tulichimba makingamaji, tukapanda katani na nyasi, na kwa miaka mingi hatukuona kitu. Halafu nyasi zikarudi. Zilirudi kabla ya miti. Mwalimu uliza shuleni kwako: kabla ya kupanda miche 300, nyasi zilikuwepo?

#5 MwalimuJembe

Shikamoo mzee. Nyasi hazikuwepo. Uwanja unafagiliwa kila asubuhi, ni zamu za usafi.

#6 MzeeWaKorongo

Marahaba. Basi mmepanda miti kwenye sakafu.

#7 Mrangi_Damu

Mzee shikamoo. HADO si ndiyo ile ya 1979 iliyoondoa ng'ombe? Hapo mimi nina la kusema. Nyasi zilirudi kwa sababu mifugo iliondoka, makingamaji yalikuwa nyongeza tu. Ng'ombe za babu zilihamishiwa kwa shemeji zake upande wa Singida, na huko nako palichakaa. Kwa hiyo tusiseme ardhi ilipona, tuseme mzigo ulihamishwa bega.

#8 MzeeWaKorongo

Marahaba mwanangu. Nakurekebisha mwaka tu. Mradi ulianza 1973 kwa msaada wa Sweden. Mifugo kuondolewa eneo lile la Kondoa Irangi ndiyo 1979, zaidi ya kilomita za mraba 1,200 bila ng'ombe wala mbuzi. Kuhusu bega sikatai. Niliwaona wazee wakilia. Baadaye ng'ombe waliruhusiwa kurudi wa kufungwa bandani, na huyo wa bandani akatoa samadi na maziwa kuliko wa zamani. Hata sisi tuliokuwepo hatukubaliani ni kipi kilichoponya: mifugo kutoka, makingamaji, au watu wenyewe kubadilika.

#9 DadaTasnifu

Mzee, hilo unalolisema ni tasnifu tatu.

#10 Pembejeo

Mnamzungusha mwalimu. Miche yake imekufa kwa sababu ya kalenda. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili. Siku ya Mazingira Duniani ni tarehe 5 Juni. Dodoma mvua ni msimu mmoja, inaanza kushika Desemba, Aprili inaaga, jumla yake ni milimita 500 na kitu hadi 600 kwa mwaka. Ukipanda Aprili umempa mche wiki tatu za kunywa na miezi saba ya kiu. Bukoba Aprili ni sawa, Tukuyu ni sawa. Hapa panda Desemba au mwanzoni mwa Januari, mizizi ikimbilie chini kabla jua halijakaza. Mwalimu, mlipanda lini?

#11 MwalimuJembe

Aprili mosi.

#12 Pembejeo

Nimemaliza.

#13 BintiKongwa

Hujamaliza kaka Pembejeo. Sisi tulipanda Januari, chupa za maji za lita moja na nusu tukazitoboa kifuniko kwa sindano ya moto, tukazifukia kichwa chini pembeni ya kila mche, tone kwa tone. Mchwa wakala mizizi. Iliyopona mchwa ikaliwa na mbuzi wa jirani. Kalenda haifukuzi mbuzi.

Na kwa mwalimu: mimi natoka Kongwa, pale pale Waingereza walipokuja 1947 na matrekta kulima karanga. Walikuwa na wataalamu na mashine na pesa. Udongo wa mfinyanzi ulipokauka ukawa kama saruji, karanga zikashindwa kuchomoka, mvua zikawakataa, na 1951 mradi ukafungwa. Bibi alikuwa anasema wangemuuliza Mgogo yeyote angewaambia kwa nini sisi tunalima uwele na mtama. Kwa hiyo kabla hujachagua chuo, uliza kama kozi hiyo itakutuma kukaa na wazee kijijini kwa muda wa kutosha, au itakupa dodoso la maswali arobaini ukalijaze siku mbili.

#14 KijanaWaAreaC

Dada, dodoso la maswali arobaini nilijaziwa mimi mwaka jana. Swali la 12 lilikuwa "je, unapenda mazingira?"

#15 Kisikihai_Bahi

Nimechelewa kuingia ila huu ni uzi wangu. Mwalimu, usiende popote kwanza. Jibu liko nyuma ya maabara.

Hicho kisiki hakikumwagiliwa kwa sababu kina mizizi ya miaka ishirini chini. Hapa Dodoma kuna mashirika ya LEAD Foundation na Justdiggit yanayofundisha kitu kinaitwa Kisiki Hai. Mimi nimejifunza kijijini kwetu, nikawa mkufunzi wa wenzangu. Kazi yenyewe ni hivi. Unakiendea kisiki kilichochipua machipukizi kumi, kumi na tano, kimekuwa kichaka. Unachagua mawili au matatu yaliyonyooka na yenye afya, mengine unayakata kwa kisu kikali, mkato mshazari, chini kabisa. Yale uliyoyaacha unayapogolea matawi ya chini, unaacha kama nusu ya juu. Unafunga kitambaa cha rangi ili kila anayepita ajue mti huu una mwenyewe. Halafu unaulinda. Basi. Hakuna mche, hakuna kiriba, hakuna dumu la maji.

Mimi sina masta. Nina visiki 140 kwenye ekari zangu na mtama wangu umesitawi vizuri chini yake.

#16 MwalimuJembe

Kaka, hili limenigusa. Lakini nikuulize kwa nia njema: mbona sikufundishwa hili chuoni, na mimi nina shahada ya Biolojia? Hilo hasa ndilo linalonipeleka masta.

#17 NalaMjini

Kisikihai, heshima yako, ila usimkatishe mtu masomo. Maarifa yako yanahitaji mtu wa kuyaandika, kuyapima na kuyaingiza kwenye mtaala. Mwenye nafasi hiyo ni mwenye masta.

#18 Kisikihai_Bahi

Sijamkatisha. Nimesema "kwanza".

#19 MwalimuWaWalimu

Nafundisha walimu, kwa hiyo naomba niseme la darasani, maana naona wote mmeshika jembe.

Nimetembelea shule nyingi za mkoa huu wakati wa mafunzo kwa vitendo. Saa moja asubuhi, nani anamwagilia miti? Waliochelewa namba. Nani anapalilia bustani? Waliopiga kelele. Nani anachota maji ya miche? Aliyeshindwa mtihani wa wiki. Tumemfundisha mtoto kwa miaka minne kwamba mti ni adhabu, kisha tunashangaa akimaliza shule hapandi. Miche ile 300 isingekufa yote kwa mvua wala mchwa kama watoto mia tatu wangekuwa na mapenzi nayo.

Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilitaka shamba la shule liwe darasa. Malihai Clubs, klabu za wanafunzi za kutunza wanyamapori, zilipoanza 1980, na Roots & Shoots ilipoanzishwa na Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, Dar es Salaam 1991 na wanafunzi 12, jambo lilikuwa hilo hilo: mtoto achague mwenyewe cha kutunza. Mkutano wa Tbilisi wa 1977 uliweka wazi kwamba elimu ya mazingira inataka maarifa, na pia mwelekeo wa moyo, stadi na kushiriki. Tumebaki na maarifa, tena ya kukariri.

Mwalimu Jembe, soma elimu. Udongo utawakuta wataalamu wake. Wa kumwelewa yule binti mpole ni wewe.

#20 MwalimuJembe

Nimesoma #19 mara tatu. Mwaka ule zamu ya kumwagilia niliipanga mimi. Ilikuwa ya waliochelewa. Niliona ni njia nzuri ya kupata maji bila kuvuruga vipindi. Yule binti hajawahi kuchelewa, kwa hiyo hajawahi kumwagilia hata mche mmoja, na ndiye pekee aliyeuliza.

#21 Pembejeo

Mwalimu usijilaumu, bado nasema kosa ni la Aprili.

#22 MajiMarefu

Naingiza upande mwingine kabisa. Nisamehe nikirefusha, hili ni la moyoni mwangu.

Mkitaka maliasili ya Dodoma ambayo kila mtoto wa mjini anaitumia na hajui inatoka wapi, ni maji ya chini ya ardhi ya Makutupora, kule Mzakwe. Mji huu umeishi kwa visima vile. Kina cha maji kimepimwa pale tangu miaka ya 1950, kumbukumbu ndefu ambayo sehemu nyingi za Afrika hazina. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya kumbukumbu za miaka 55, wakaonyesha kwamba maji yale hayajazwi kidogo kidogo kila masika. Yanajazwa kwa miaka michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ile ya El Niño ya 1997/98, halafu yanashuka polepole kwa miaka mingi mpaka mvua nyingine ya namna hiyo ije.

Fikirieni maana yake kwa kufundisha. Mtoto wa Kidato cha Kwanza anaweza kumaliza hadi Kidato cha Sita bila kisima kile kuongezewa chochote cha maana. Sasa unamfundishaje mtoto kutunza kitu ambacho kinajazwa mara moja kwa muongo? Ndiyo sababu namshauri mwalimu aangalie masta za maji na usimamizi wa mabonde pia. Hilo nalo ni maliasili.

#23 Msafiri_Ihumwa

Kumbe SGR, ile reli ya kisasa, inaishia kwenye visima? Maana wanasema kipande cha Morogoro hadi Makutupora.

#24 MajiMarefu

Hapana kaka, hizo ni Makutupora mbili. Ya visima iko hapa Dodoma, kaskazini mwa mji. Ya reli iko Manyoni, Singida.

#25 Msafiri_Ihumwa

Asante, nimebishana na shemeji miezi sita kwa ajili hiyo, leo nampigia. Na kwa mwalimu: treni ya umeme inafika Dodoma tangu 2024. Jirani yangu anasoma Morogoro, familia iko Ihumwa, kila wikiendi anakula mlenda kwake. Zamani ukisema Morogoro ulikuwa unahama.

#26 BintiKongwa

Mlenda wa wiki moja unavumilika, wa muhula mzima unaota ndoto.

#27 KijanaWaAreaC

Turudi kwenye mada jamani. Mimi nina GPA ya 2.6. Nafanyaje?

#28 DadaTasnifu

Mdogo wangu, vyuo vyetu kwa kawaida vinataka daraja la pili, yaani kuanzia 2.7. Kwa 2.6 njia inayojulikana ni stashahada ya uzamili kwanza, ukifanya vizuri unaingilia hapo. Usikate tamaa. Na usihonge mtu anayekuambia "nitakupitisha".

Kwa anayetaka kubaki Dodoma: UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, wana idara ya Jiografia na mambo ya mazingira na wana kitivo kizima cha elimu, nenda ukagonge milango yote miwili siku moja. Chuo cha Mipango wamebobea kwenye mipango na usimamizi wa mazingira. Chuo Kikuu Huria wana masta ya mazingira na wana kituo hapa mjini, unasoma huku unafundisha. Ila Huria inataka nidhamu ya mtu mzima. Hakuna wa kukuamsha.

#29 Mkongwe_Utumishi

Hapa kuna jambo mmelipita. Mwalimu ni mtumishi wa umma. Kuthibitishwa kazini ni hatua ya kwanza, hilo analo. Bado anahitaji ruhusa ya masomo kwa maandishi kutoka kwa mwajiri wake, na aiombe mapema, iwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Nimeona walimu wazuri wameanza kusoma kimya kimya, cheti kinakuja, faili halina barua, wanahangaika miaka. Na uliza mapema kama masta unayoitaka itatambuliwa kwenye kada yako ya ualimu. Masta ya elimu haina maswali mengi. Ya misitu inaweza kukufungulia mlango nje ya ualimu na isikuongezee kitu ndani yake.

#30 NalaMjini

Hapo #29 ndipo napopaogopa. Tukisoma kwa kuangalia kada, nani atajua udongo shuleni?

#31 Mkongwe_Utumishi

Wewe una hoja, na mwenye watoto wanne naye ana yake.

#32 Mchanga_wa_Mbali

Habari za huko nyumbani. Nilisoma Marekani, jimbo la Wisconsin, kwa hiyo naleta la nje.

Chuo kinaitwa University of Wisconsin–Stevens Point. Kina kitivo kikubwa cha maliasili, na ndani yake masta ya maliasili unayoweza kuielekeza kwenye elimu ya mazingira na ufafanuzi wa mazingira kwa wageni. Yaani lile dirisha na lile jingine analolisema mwalimu, kule yamevunjwa ukuta wa katikati. Haikuja kwa bahati. Wisconsin ilitunga sheria 1935 kwamba mwalimu wa sayansi na maarifa ya jamii lazima awe amesoma hifadhi ndipo apewe leseni. Mwaka 1990 ikaanzishwa taasisi ya jimbo ya elimu ya mazingira, makao yake hapo hapo chuoni. Kwa hiyo mwanafunzi wa masta anakuta shule ambazo zimezoea jambo hili kwa vizazi.

Na mwalimu, ngoja nikupe moja la kukutia moyo. Aldo Leopold, yule mwalimu mkubwa wa hifadhi aliyefundisha jimbo hilo, alinunua shamba la mchanga lililochoka, 1935, akaanza kupanda misonobari na mke na watoto. Miche mingi ya mwanzo ilikufa kwa ukame. Mwaka uliofuata wakapanda tena, na tena. Leo pale ni msitu.

#33 DadaTasnifu

Ahsante kwa hilo. Nyongeza ndogo kwa wasomaji: Leopold alifundisha Madison, si Stevens Point. Ni vyuo viwili ndani ya mfumo mmoja.

#34 Mchanga_wa_Mbali

Sahihi kabisa, nilisema jimbo kwa sababu hiyo. Stevens Point iko katikati ya jimbo, na udongo wa pale ni kichanga, viazi vinapendeza.

#35 MzeeWaKorongo

Huyo mzungu alipanda palepale ilipofia ya mwaka jana, kama shule ya mwalimu. Tofauti yake ni nini?

#36 Mchanga_wa_Mbali

Shikamoo mzee. Alikuwa anaishi nayo. Kila wikiendi yuko pale na daftari, anaandika kipi kimekufa na kwa nini.

#37 MwalimuWaWalimu

Daftari. Wanafunzi wangapi wa Dodoma wana daftari la mti mmoja?

#38 Mapera_Mpwapwa

Kabla hatujaenda Marekani kuna Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, mji wa Makhanda. Wana kituo cha utafiti wa kujifunza mazingira kinachojulikana Afrika nzima, Profesa Heila Lotz-Sisitka amekijengea jina. Masta yao inakaa upande wa elimu, na wanaopita pale wengi ni walimu na maofisa wa kusini na mashariki mwa Afrika. Maswali yao yanafanana na yetu: mbuzi, maji, kuni, mtaala usiomjua mwanakijiji.

Pesa ndiyo shida, kwa hiyo angalieni ufadhili. DAAD wa Ujerumani hutoa nafasi za kusoma ndani ya Afrika. Jumuiya ya Madola wana ufadhili wa kusoma masta ya Uingereza kwa masafa ukiwa hapa hapa. Chevening ya Uingereza inataka uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili na urudi nyumbani ukimaliza, mwalimu wa miaka minane anafaa. Na chochote utakachosoma nje, hata kwa mtandao, hakikisha kwanza kwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwamba chuo hicho kinatambulika, maana cheti kitapita kwao kufanyiwa tathmini.

#39 Mrangi_Damu

Kwa mtandao, Chamwino? Umeme ukikatika saa mbili usiku na kipindi kinaanza saa tatu?

#40 Mapera_Mpwapwa

Nilisoma kozi fupi nikiwa juu ya mwamba, kule mtandao unashika. Wanakijiji walidhani nachunga.

#41 Nyuki_Singida

Naomba niseme la uchungu kidogo ili wanaokwenda waende macho wazi. Masta yangu ilikuwa ya miezi kumi na minane, nimeimaliza kwa miaka minne. Chuo sikitaji. Masomo ya darasani niliyamaliza kwa wakati. Kilichonikausha ni tasnifu. Sura ya tatu ilikaa mezani kwa msimamizi miezi saba, ikarudi na maneno mawili, "rekebisha marejeo". Nilikuwa nasomea nyuki na vichaka vya Itigi, msimu wa maua ukipita umepita, unangoja mwaka. Nilipoteza misimu miwili.

Kwa hiyo, mwalimu, usichague chuo, chagua msimamizi. Waulize wanafunzi wake watatu anarudisha sura baada ya siku ngapi. Mwandikie kabla hujaomba nafasi, umweleze kuhusu kisiki chako na miche yako. Asipokujibu hiyo barua, hatakujibu sura ya tatu.

#42 KijanaWaAreaC

Hii #41 nimeinakili kwenye daftari.

#43 NalaMjini

Pole sana Nyuki. Vichaka vya Itigi nimevipita kwa basi miaka yote nikidhani ni pori la kawaida.

#44 Nyuki_Singida

Asante. Si pori la kawaida, vichaka vile ni vya pekee. Vinabana mpaka mtu hapiti wima, vinapukutika kiangazi chote, halafu mvua ya kwanza vinageuka kijani ndani ya siku chache. Vinakatwa kila mwaka kupisha mashamba. Mwalimu mmoja wa Manyoni akivisomea, nitafurahi kuliko nilivyofurahi siku ya mahafali yangu.

#45 MwalimuJembe

Wakuu, nimerudi baada ya wiki. Asanteni wote.

Nimekwenda UDOM, nimegonga milango miwili kama dada alivyosema. Wa jiografia aliniambia hili ni suala la elimu. Wa elimu aliniambia hili ni suala la sayansi. Wote walikuwa wakarimu, wote waliniandikia majina ya watu wa kuwaona. Nimeandika kurasa mbili za wazo langu, nimezituma sehemu tatu: Morogoro, hapa, na Makhanda. Barua ya kuomba ruhusa iko kwa mkuu wa shule. Sijachagua.

Jumatatu niliwatoa Kidato cha Tatu, ndio wale waliokuwa Kidato cha Pili. Tulizunguka eneo lote la shule na mpaka wa korongo kutafuta visiki vilivyo hai. Nilidhani tutapata vitano. Tumepata 63. Wamekata vitambaa kutoka kwenye sare zilizochakaa, kila mmoja amefunga chake, na hakuna aliyepangiwa kwa kuchelewa. Yule binti amechagua kile cha nyuma ya maabara, ameanza daftari. Ukurasa wa kwanza ameandika tarehe, machipukizi 14, na "mbuzi wamekula upande wa mashariki".

Kisikihai, hatujakata chipukizi hata moja. Naogopa kuharibu. Tukate sasa hivi kiangazi au tungoje mvua? Na unaweza kufika Jumamosi?

#46 Pembejeo

Ngoja mvua mwalimu.

#47 Kisikihai_Bahi

Usingoje. Kata sasa wakati kimepumzika. Nafika Jumamosi saa mbili asubuhi, waambie waje na visu vikali, siyo panga. Panga linachana gome.

#48 MzeeWaKorongo

Mimi pia nakuja. Msifagie huo uwanja kuanzia leo.

#49 Mwl_Heka_Manyoni

Habari wakuu. Nimesoma uzi wote usiku huu. Nafundisha Manyoni, karibu na hivyo vichaka vya Itigi. Nyuki_Singida, nikianza daftari na wanafunzi wangu, tuanze kuandika nini kwanza?